Mama Blanketi wa Chumba cha Antimata

Katika ile hospitali, ukishuka ngazi mpaka chini kabisa, ukapita chumba cha kufulia na stoo ya mitungi ya oksijeni, utakuta mlango mzito wenye alama ya manjano ya mionzi. Mbele ya mlango huo utamkuta mwanamke mnene wa miaka hamsini na ushei, ana blanketi mbili begani. Usijisumbue kumwuliza jina. Wagonjwa humwita Mama Blanketi, madaktari humwita Mama Blanketi, na hata kwenye ratiba ya zamu pale ukutani kuna mtu kaandika hivyo hivyo kwa kalamu nyekundu, na hakuna aliyehangaika kufuta.

Kazi yake ukiisikia utasema, ala, hiyo nayo ni kazi? Kufunika watu! Lakini ngoja kwanza, usiwe na haraka. Mgonjwa anayekuja kupigwa picha pale huchomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi, kisha hulazwa chumba cha peke yake kwa saa nzima, sukari itembee mwilini. Uvimbe mbaya una uroho wa sukari kuliko nyama nyingine, hivyo huinyakua kwa wingi, na mashine ikija kutazama inaona imejaa wapi. Sasa mwili nao una vituko vyake. Ukiongea, misuli ya koo inakula ile sukari. Ukitafuna, taya zinakula. Ukitetemeka kwa baridi, shingo na mgongo vinakula. Saa ya picha ikifika, kila kilichokula kinang'aa, na daktari anabaki kukuna kichwa hajui king'aacho ni ugonjwa au ni umbea. Ndiyo maana Mama Blanketi yupo. Anafunika, anapunguza taa, ananyamazisha watu, kisha anatoka na kufunga mlango. Mwaka wa kumi na mbili huu anafanya hivyo, na nikwambie, kunyamazisha watu saa nzima si mchezo.

Hakuanzia hapo. Alikuwa chumba cha pili, kwenye kufulia, akikunja mashuka. Mhudumu wa zamani alipostaafu wakamwambia avuke ukuta. Alivuka kwa furaha, kwa sababu mvuke wa kufulia ulikuwa umemchosha kifua. Furaha haikufika wiki. Mpishi wa jikoni, mtu asiyejua kitu ila hakosi la kusema, alimwambia kwamba ile sindano ina antimata ndani yake. Kitu kinyume na vitu vyote. Kikigusa chochote, vyote viwili vinafutika, na gramu moja tu inatosha kufuta mji mzima na vitongoji vyake. Mama Blanketi hakulala raha. Aliandika barua ya kuomba arudishwe kwenye mashuka, akaikunja, akampelekea yule kijana mwembamba wa fizikia ambaye kazi yake ni kupima mionzi na kuhakikisha mashine haisemi uongo. Watu wote pale humwita Profesa. Si profesa, ila akishaanza kueleza jambo hakuna wa kumzuia.

Profesa aliisoma barua mpaka mwisho, na jambo ambalo Mama Blanketi anamshukuru kwalo mpaka kesho ni kwamba hakucheka. Alivuta kiti, akatoa ndizi aliyofungasha kwa ajili ya mchana, akaiweka mezani kati yao. "Mama, hii nayo inatoa antimata," akasema. "Chembe moja, kila saa moja na robo hivi. Iko hivyo tangu ndizi zilipoanza kuwepo duniani. Sasa mimi na wewe tule, halafu nikueleze." Wakala. Akaeleza siku tatu mfululizo, mchana kwa mchana, na yule mama akawa anauliza maswali mpaka kijana jasho likamtoka. Siku ya nne barua ikaenda kwenye pipa la taka.

Tangu hapo yeye ndiye mwalimu wa mlangoni. Na amekutana na watu, loo! Mwanamume mmoja, mtu mzima na masharubu yake, alitaka afungwe mikanda kitandani, maana kasikia antimata huanguka kwenda juu, asije akabandikwa darini kama mjusi. Mama Blanketi akamjibu kwamba wataalamu wameshaipima, inaanguka chini kama sisi wengine, alale tu. Bibi mmoja alitoka kwenye mashine anacheka, akamshika mikono yote miwili akimshukuru kwa kumponya, eti lile joto alilolisikia tumboni lilikuwa antimata ikichoma ugonjwa. Hapo roho ilimuuma, lakini ukweli lazima usemwe. Alimkalisha, akamweleza kwamba sindano hii haitibu, inaonyesha tu, na matibabu yanakuja nyuma yake. Joto lilikuwa la blanketi.

Basi mtu huyo, aliyewaeleza mamia ya wageni bila kuyumba, ndiye aliyeshindwa kumweleza kaka yake mwenyewe.

Kaka yake ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, ukikuta kona imekaa sawasawa mtaani kwao ujue imepita mikononi mwake. Na huyu kaka si kaka wa salamu za sikukuu. Wazazi wao walifariki mwaka mmoja, wa pili akimfuata wa kwanza, Mama Blanketi akiwa na miaka saba na kaka kumi na tisa. Wakubwa wa ukoo walikaa kikao kugawana watoto: huyu aende kwa shangazi, yule aende kwa mjomba. Kaka aliingia mlangoni na nguo zake za kazi, akasema, "Huyu hagawanywi," akamshika mkono wakaondoka. Basi. Ndiye aliyemsuka nywele, vibaya, mistari imepinda kama njia ya mlevi. Ndiye aliyekwenda vikao vya wazazi shuleni na miwani ya kuchomelea imesahaulika kwenye paji la uso, mwalimu akawa anajiuma midomo asicheke. Hakuoa mpaka mdogo wake alipomaliza masomo. Wanasema mkubwa ni jalala, na yeye alipokea kila kitu bila kulalamika, na bila kushukuriwa pia, kwa kuwa nani anamshukuru kaka yake kwa kuwa kaka?

Mwaka huu alianza kukohoa. Wakapiga picha ya kawaida, wakaona uvimbe kwenye pafu la kushoto. Daktari wa upasuaji hakuzunguka mbuyu. "Kama uko peke yake, Jumatano ya wiki itakayofuata kipimo naukata, na una nafasi nzuri ya kupona. Kama umeshapanda mpaka shingoni, kisu changu hakina kazi tena, itabidi tuzungumze mengine." Hayo mengine kila mtu aliyajua, hakuna aliyeuliza. Ili ijulikane, ilibidi ashuke zile ngazi, apite kwenye kufulia, alale chini ya blanketi za mdogo wake.

"Wananichoma nini?" kaka alimwuliza nyumbani, siku mbili kabla ya kipimo.

Mama Blanketi alifungua mdomo aseme, akamwangalia. Akaona mabega yaliyokonda, akaona wifi yake amesimama na sahani mkononi anangoja jibu. Akaogopa. Akafikiri: nikilitaja lile neno, mtu huyu mbishi atakataa, na akikataa atakufa. Na tena, mdogo anamfundisha vipi mkubwa? "Sukari tu, kaka," akasema. "Sukari yenye mwanga." Kaka akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye chakula chake.

Siku ya kipimo ilikuwa Jumanne. Kaka alifika na njaa, maana hawaruhusiwi kula, na fundi bila chai ya asubuhi usimsogelee. Aliketi kwenye benchi la kusubiri. Pembeni yake kulikuwa na mwalimu mstaafu, naye mgonjwa, mwenye gazeti na sauti ya darasani. Mama Blanketi alikuwa ameingia ndani kutandika. Aliporudi kumchukua kaka yake alimkuta kimya, uso umekaza, na yeye akadhani ni njaa. Muuguzi akamchoma sindano. Mama Blanketi akamlaza, akamfunika, akavuta ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Wewe unakaa wapi mimi nikiwa humu?" kaka akauliza.

"Hapo tu, kaka, mlango wa pili. Pua na mdomo."

 Kaka akageuza uso ukutani. Mama Blanketi akapunguza taa akatoka, na saa nzima aliyokaa kwenye kile kiti chake alikuwa anashukuru Mungu kimoyomoyo kwamba mambo yamekwenda laini.

Baada ya picha, daktari wa picha alimwita. Ni mama mmoja mpole, anayevaa sweta hata kiangazi kwa sababu ya baridi ya mashine. Alimwonyesha kioo cha kompyuta. Mama Blanketi si daktari, lakini kwa miaka kumi na miwili ameona picha za kutosha kujua iliyokaa vizuri na iliyochafuka. Hii haikuchafuka tu, ilikuwa balaa. Taya zote mbili zinawaka. Shingo inawaka, kushoto na kulia. Bega la kulia linawaka, na mkono wake mpaka kwenye vidole, kila msuli umechoreka.

"Huyu alikuwa anabeba mawe humo ndani?" daktari akauliza. "Mama Blanketi, si wewe uliyemlaza?"

"Ni mimi."

"Uvimbe wa pafu ule pale, nauona. Lakini shingo siwezi kuisoma. Siwezi kusema umepanda, siwezi kusema haujapanda. Nikitia saini hapa nitakuwa nabahatisha na roho ya mtu." Daktari akavua miwani. "Ijumaa tunaletewa dozi, na kuna moja ya ziada, mgonjwa wake kahamishwa. Tumrudie. Lakini hiyo nayo ikiharibika, Jumatano inapita, na mpasuaji hana nafasi nyingine mpaka wiki sita. Uvimbe wenyewe hausubiri ratiba yetu."

Mama Blanketi alitoka, akashika njia ya mapokezi. Yeye! Mtu ambaye hajawahi kuharibu picha tangu mwaka wake wa pili, kaja kuharibu ya nani? Alipofika mapokezi, binti wa pale akamwambia, hata hakuulizwa, "Mama, yule mwalimu leo kawahubiria watu! Kamwambia kaka yako ile sindano ni antimata, ikikutana na mwili vyote vinafutika, gramu moja mji mzima kwisha. Kaka yako kamwuliza mara mbili, una hakika? Mwalimu kasema ana hakika, iko gazetini." Mama Blanketi akakaa chini pale pale, kwenye benchi la wagonjwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikupita hata siku mbili.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikwenda karakanani kwa kaka yake mchana. Karakana ilikuwa imefungwa kwa ugonjwa, lakini mwenyewe alikuwamo, amekaa kwenye kistuli kati ya geti ambalo halijamalizika na rundo la nondo, anasafisha vifaa ambavyo havikuwa vichafu. Mama Blanketi akasalimia. Kaka akaitikia kwa nusu mdomo.

"Kaka, nimekuja kuomba radhi. Nilikudanganya."

"Najua."

"Niliogopa utakataa."

"Mimi nimekulea hivyo?" Aliweka koleo chini. "Nilipokwambia baba kafa, nilikwambia kasafiri? Ulikuwa na miaka saba, nikakwambia kafa. Leo mimi mzee mzima na mvi zangu unanipa hadithi ya sukari yenye mwanga! Bora ungenitukana."

Hilo lilimchoma, na lilistahili kumchoma. Hakujitetea. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Basi niulize leo. Lolote. Nikilijua nitakwambia, nisilolijua nitampigia simu Profesa hapa hapa mbele yako."

Kaka akaokota lile koleo, akaanza kulifuta tena. Halafu ufundi ukamzidi. Mtu wa kazi za mikono hawezi kukaa na kitu asichojua kinavyofanya kazi.

"Yule mwalimu kasema kweli au uongo?"

"Kweli iliyopotoka. Antimata ipo. Sukari yako imefungwa kwenye kitu ambacho kikichakaa kinatoa chembe inaitwa positroni. Hiyo ndiyo antimata."

"Nayo ikikutana na mwili, mwili unafutika."

"Haikutani na mwili, kaka. Inakutana na elektroni moja, ambayo ni pacha wake wa kinyume. Kila chembe na mwenzake. Na elektroni unazo nyingi huwezi kuzihesabu, mamilioni ya mamilioni katika unywele mmoja. Positroni inazaliwa, inatembea kidogo, hata upana wa punje ya mchele ni safari kubwa kwake, inachoka, inamkuta pacha, wanakwisha wote wawili."

"Wanakwisha wanakwenda wapi? Kitu hakiwezi kwisha bure bure."

Mama Blanketi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Swali hilo hilo ndilo alilomwuliza Profesa mwaka ule, na Profesa akampigia makofi. "Hakiishi bure. Wanageuka miale miwili. Mmoja unakwenda huku, wa pili unakwenda kule, mgongo kwa mgongo, kwenye mstari mmoja. Mashine ile ni pete, imekuzunguka. Ikishikwa miale miwili kwa mpigo mmoja, pande mbili za pete, mashine inajua chanzo kiko mahali fulani kwenye mstari huo."

"Mstari mmoja haukwambii mahali."

"Ndiyo. Ila mistari ikiwa mingi..."

"Inakatana!" Kaka akasimama. Aliokota uzi wake wa kupimia, akaubana kwenye nondo moja, akauvuta mpaka kwenye geti, akachukua wa pili akaukatiza. Akaweka kidole pale nyuzi zilipopishana. "Hapa. Ndivyo ninavyotafuta kona kila siku. Kumbe ni hicho tu?"

"Ni hicho tu."

"Sasa mbona wasiseme?" Alikuwa amekasirika, lakini si naye tena. Akarudi kukaa. "Na mlipuko?"

"Gramu moja kweli ni balaa, hapo mwalimu hakukosea. Lakini hakuna mtu duniani aliyewahi kukusanya gramu moja. Wala kipande cha gramu cha kuonekana kwa macho. Wewe humo mwilini zinazaliwa mamilioni kwa sekunde..."

"Mamilioni!"

"Tulia, kaka. Mamilioni kwa sekunde, kila moja peke yake, na ukizikusanya zote tangu sindano inaingia mpaka ya mwisho inazimika, nguvu yake haiwezi kupasha moto kijiko kimoja cha chai. Profesa alipiga hesabu mbele yangu. Nikamwambia arudie. Akarudia, kijiko kikabaki cha baridi."

Kaka akacheka, kikohozi kikamkatiza, akasubiri kipite. Kisha akauliza, taratibu, akitazama mikono yake, "Kwa hiyo hakuna hatari hata kidogo?"

Hapo Mama Blanketi alipiga moyo konde. Ilikuwa rahisi sana kusema hakuna. "Ipo, ndogo. Ile miale inapita mwilini, na mingine inagusa vitu njiani. Kwa mgonjwa kama wewe, faida ya kujua ni kubwa kuliko hiyo hatari. Lakini ipo. Ndiyo maana tunakwambia siku hiyo usibebe watoto wachanga, usikae karibu na mjamzito. Ndiyo maana na mimi sikai chumbani na wagonjwa, nafunika natoka. Nina kibeji kifuani kinanihesabia yangu, kila mwezi kinasomwa."

"Kinasemaje?"

"Sijawahi kukaribia kikomo. Miaka yote."

"Miaka yote kumi na miwili?"

"Yote. Majibu yamo kwenye faili, nitakuletea kesho uyasome kwa macho yako."

Kaka akatoa pumzi ndefu, ndefu kweli, mabega yakashuka. Mama Blanketi akamwangalia, na ndipo swali likamjia, hata hakujua limetokea wapi.

"Kaka, Jumanne ulikuwa unabana nini? Taya, shingo, mkono wa kulia. Daktari kadhani ulikuwa unabeba mawe."

"Nilishika chuma cha kitanda."

"Saa nzima?"

"Saa nzima. Nikauma na meno." Akajikuna shingo, ameona haya kama mtoto. "Nilifikiri, kama kitu hicho kiko ndani yangu na kinataka kulipuka, basi nikijikaza kitabaki ndani. Mimi nimeshazeeka, mimi si neno. Lakini wewe ulisema uko mlango wa pili. Nikasema kikitoka humu kitamkuta mdogo wangu. Basi nikabana kisitoke."

 Mama Blanketi alilia pale kwenye ndoo, bila kujificha. Alikwenda kwenye karakana ile kumfundisha kaka yake fizikia, na kumbe mtu alikuwa amelala saa nzima gizani, mgonjwa, na njaa yake, ameuma meno ili mji usifutike na mdogo wake ndani yake. Kosa tupu, kwa hesabu za Profesa. Kijiko cha chai kisichopata moto. Lakini yeye hakuijua hesabu hiyo, alijua mdogo wake yuko nyuma ya ukuta.

"Sasa unalia nini? Si umesema haina neno?"

"Haina neno, kaka."

"Basi futa machozi, unanilowanishia nondo zitashika kutu."

Ijumaa kaka alifika wa kwanza. Aliposhuka ngazi alikwenda moja kwa moja kwa Mama Blanketi, akasoma karatasi za kibeji, mwezi kwa mwezi, kidole kinapita kwenye kila mstari, mpaka muuguzi akaanza kutazama saa. Alipomaliza akakunja mikono ya shati. "Nichomeni." Mama Blanketi akamlaza, akamfunika ya kwanza, akamfunika ya pili. Safari hii hakusema lala tu usijali. Alisema, "Legeza vidole. Legeza taya, acha mdomo uanguke kama wa mtu mjinga. Ukibana, shingo inakula sukari na daktari haoni kitu." Kaka akaachia mdomo, akatoa na ulimi kidogo kwa makusudi, mtani yule. Mama Blanketi akapunguza taa akatoka.

Dakika ya ishirini muuguzi akaja mbio. "Mama Blanketi, njoo usikilize." Wakaweka masikio mlangoni. Kaka alikuwa anakoroma.

Kusubiri majibu ndiko kulikomtesa Mama Blanketi. Kukoroma ni kulegea, sawa, lakini kulegea hakuondoi ugonjwa. Picha safi ingeweza kuonyesha wazi kabisa kwamba uvimbe umepanda. Alikunja blanketi, akazikunjua, akazikunja tena. Profesa alipita akaketi naye, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane hakueleza chochote. Mama Blanketi alimshukuru kwa hilo pia.

Daktari wa picha alitoka na sweta lake, karatasi mkononi, akaanza kuongea akiwa bado mbali, kwa kuwa ni mtu mwenye huruma. "Shingo safi! Safi kabisa, yote giza, hakuna kitu. Uvimbe ni mmoja tu, pale pale kwenye pafu. Nimeshampigia mpasuaji. Jumatano anaingia."

Mama Blanketi hakumbuki alifikaje chumba cha kuvalia. Kaka alikuwa amekaa, anafunga vifungo vya shati, usingizi bado machoni.

"Ni mmoja," akamwambia.

"Mmoja?"

"Mmoja tu, kaka. Shingo safi. Jumatano."

Kaka akafumba macho akakaa hivyo. Midomo ilikuwa inatembea, anamshukuru Mungu wake. Mama Blanketi akasubiri amalize. Alikuwa na maneno mengi, ya miaka arobaini na zaidi, ya nywele zilizopinda na vikao vya shule na yule mtu aliyeingia mlangoni na nguo za kazi. Hayakutoka hayo. Lilitoka moja.

"Asante, kaka."

"Asante ya nini? Mashine ni yenu, picha mmepiga ninyi."

"Ya Jumanne. Ya kubana."

Kaka akamtazama, akaona hatanii. Akamaliza kifungo cha mwisho. Akainuka, akanyoosha mkono kumshika bega, akakumbuka yaliyomo mwilini mwake, akaurudisha. Mama Blanketi akausogelea mwenyewe, akamkumbatia, kwa kuwa dakika moja haina neno, Profesa keshapiga hesabu.

"Ile ilikuwa kazi bure, mdogo wangu," kaka akasema juu ya kichwa chake. "Kijiko cha chai."

"Najua."

"Lakini ningekuwa sijui, ningebana tena."